Toa Mbili

Matofali yaliletwa Jumatatu asubuhi, mia moja na arobaini, yakapangwa uani kwa safu zilizonyooka. Baba aliyahesabu mara tatu. Alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na tatu kabla ya kustaafu, na mwalimu wa hesabu haamini idadi ya kitu mpaka aihakikishe mwenyewe.

"Jumamosi mwashi anakuja," alimwambia binti yake. "Anaziba ule mlango wa mbele. Kile chumba kitakuwa stoo."

Alisema hivyo huku akikoroga chai ambayo hakuwa ametia sukari.

Binti huyo alikuwa fundi makochi, na kwa ajili ya kazi yake mtaa mzima ulimwita Sponji. Alikuwa mtu wa kucheka upesi na kukasirika upesi zaidi, lakini asubuhi hiyo alishindwa yote mawili. Kile chumba! Kilikuwa chumba cha cherehani cha mama yake, chumba cha mbele chenye mlango wa barabarani, ambako Mama alishona zaidi ya miaka thelathini mpaka moyo uliposimama ghafla, miezi mitano iliyopita, mkasi ukiwa mkononi. Tangu mazishi Baba hakuwa amekanyaga humo. Hata kupita mbele ya mlango wake hakutaka. Mtu mzima, mwalimu mzima, alikuwa anatokea mlango wa jikoni, anaruka mtaro wa maji machafu, anazunguka kwa jirani ndipo afike barabarani. Suruali zake zilijaa matope kwenye pindo, mashati yalikuwa yanampwaya, na mtu akimsalimu alijibu kwa neno moja, kama mtu anayeogopa maneno yasije yakamwishia.

"Baba, ule mlango ukishazibwa..."

"Mwanangu, nikipita pale naona kiti kitupu. Bora nione ukuta."

Ubishi ukaishia hapo, maana mzazi akishasema kwa sauti ile, wewe unanyanyua kikombe chako na kunywa. Lakini Sponji aliona jambo moja waziwazi. Siku mlango ule utakapozibwa, Baba naye atazibiwa humo humo, na hakuna nyundo itakayomtoa. Alikuwa na siku tano.

Akachukua ufunguo, akaenda kukifungua chumba.

Harufu ilimpokea mlangoni: mafuta ya cherehani, chaki, kitambaa kipya. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Mkasi, pini ndani ya kopo, pasi, daftari nene la vipimo, na futikamba ya njano ikining'inia msumarini, pale pale Mama alipoitundika. Ukutani palikuwa na picha yake, picha ya kitambulisho iliyokuzwa kwa ajili ya mazishi. Macho yamekodoka, midomo imefungwa kwa amri ya mpiga picha. Hizi picha za vitambulisho zinawaonea marehemu, tuseme ukweli. Zinachukua uso wa mtu siku aliyokuwa na haraka zake, halafu uso huo huo ndio unaobaki nao.

Tena picha ile haikuwa na mikono. Sponji akafumba macho ajaribu kuikumbuka. Ilikuwa na urefu gani? Mabega ya Mama yalikuwa mapana kiasi gani? Alipomkumbatia, kichwa chake kilimfika wapi? Hakujua. Miezi mitano tu, na Mama alikuwa ameshaanza kumponyoka, kipande kwa kipande. Hofu ikamshika, ile hofu halisi ya kukausha mate. Na nyuma ya hofu, bila hata kupiga hodi, likaingia wazo.

Yeye anajua kutengeneza nini hapa duniani? Makochi. Na kochi ni nini, kama si mgongo, na mikono, na kifua cha kuegemea? Anajua kupinda waya ukashika umbo. Anajua kujaza sponji mahali penye nyama na katani mahali penye mfupa. Miaka tisa amekuwa akitengeneza vitu vya kupokea watu waliochoka.

"Namtengeneza," akasema kwa sauti. "Namtengeneza Mama. Kabla ya Jumamosi!"

"Unamtengeneza nani?" ikauliza sauti dirishani.

Alikuwa Mama Redio, jirani wa ukuta mmoja, rafiki wa Mama tangu Sponji hajazaliwa. Aliitwa hivyo kwa sababu alianza kutangaza alfajiri, na mpaka leo hakuna aliyegundua kitufe chake cha kuzimia.

Sponji akamweleza, maneno yakikanyagana. Mama Redio akashika kiuno.

"Sanamu ya marehemu? Binti, watu watasema."

"Watu gani? Mtaa huu anayesema ni wewe, shangazi. Sisi wengine tunasikiliza."

Mama Redio akacheka mpaka akashika dirisha. Dakika moja baadaye alikuwa ameshaingia ndani, kanga imefungwa kiunoni, tayari kwa kazi ambayo nusu dakika kabla alikuwa anaipinga.

Wakalifungua daftari. Lilikuwa na mtaa mzima ndani yake, kila mtu na ukurasa wake: bega, kifua, kiuno, mkono, shingo, kwa mwandiko wa Mama ulioegemea kulia. Walitafuta mwanzo hadi mwisho, wakarudia mwisho hadi mwanzo. Mama mwenyewe hakuwemo. Mganga hajigangi, na fundi hajipimi. Nguo zake alizikata kwa kujiwekea kitambaa mwilini mbele ya kioo, na nguo zenyewe zilishagawiwa ndugu baada ya mazishi, ziko mbali, kila moja na njia yake.

Sponji akakaa chini. Siku ya kwanza bado haijafika mchana na safari imeshakwama!

"Na mimi je?" akauliza Mama Redio.

"Wewe umefanya nini?"

"Mimi na mama yako tulikuwa tunabadilishana magauni, mtoto wee! Analovaa yeye leo, mimi kesho. Hatukuwahi kupunguza hata uzi. Alikuwa ananishonea mimi halafu analijaribu yeye."

Macho ya Sponji yakateleza taratibu kutoka kwenye mabega ya jirani mpaka nyonga. Alijizuia kusema, lakini uso wake haukujizuia.

"Sema tu, usiogope," Mama Redio akasema. "Sasa hivi nimekuwa mapipa mawili. Lakini miaka minane iliyopita nilikuwa sawasawa na yeye, na vipimo vyangu vya miaka minane iliyopita vimo humo humo. Fungua!"

Vilikuwemo. Mama Redio akavisoma kwa sauti yake ile ya taarifa ya habari, nyumba nzima ikasikia. "Bega, kumi na saba! Mkono, ishirini na nne! Shingo, kumi na sita! Kifua, arobaini!" Sponji alikuwa anaandika kwa chaki ukutani. Kule jikoni, kijiko kilichokuwa kikikoroga chai kikanyamaza. Hakuna aliyekitilia maanani.

Jumanne ilikuwa siku ya waya. Sponji alihamisha koleo, nyundo, katani na sindano zake ndefu kutoka kwenye karakana yake, akamwacha mteja mmoja na kochi lisilo na makalio. Alipima kwa futikamba yake ya chuma, akakata, akapinda. Mama Redio alishika mahali pa kushika, na mahali pasipohitaji kushikwa akashika pia. Kufika saa tano mbavu zilikuwa zimesimama. Lakini hapo Sponji akakwama tena. Mikono aielekeze wapi? Sanamu isiyofanya kazi yoyote ni mwanasesere tu, na Mama katika maisha yake hakuwahi kukaa bure.

"Anapima mtu," akasema. "Lazima awe anapima mtu. Alikuwa anasimamaje?"

Mama Redio alijaribu kuonyesha, lakini yeye alipopimwa alikuwa anaongea muda wote, hakuona kitu. Sponji naye hakuwahi kupimwa. Mama alimshonea kwa macho tangu utotoni. Basi akatoka mbio, aproni ikiwa bado shingoni, mpaka kwa muuza nyama wa mtaa, jitu la miraba minne ambaye watu walimwita Bucha, mteja wa Mama aliyekuwa na kurasa nyingi kuliko wote.

"Bucha, Mama alikuwa anakupimaje?"

Bucha alimtazama. Akaliweka shoka lake chini. Akafuta mikono, kidole kimoja kimoja, akatoka nyuma ya meza akasimama katikati ya duka, mbele ya wateja watatu waliokuwa wakisubiri, akanyanyua mikono kandokando usawa wa mabega.

"Anakuja hivi, kwa mbele," akasema. Sauti ilikuwa ndogo mno kwa mwili ule. "Pini ziko mdomoni, kwa hiyo haongei. Anapitisha mikono chini ya kwapa zangu, anazungusha futikamba mgongoni. Mimi ni mnene, mikono haifiki, kwa hiyo lazima asogee. Halafu anageuza shavu, asije akanichoma na pini. Sikio linakaa hapa." Akagusa kifua, kwenye kifungo cha pili. "Hapa hapa."

Alikuwa amefumba macho. Wateja walitazama chini. Sponji alitoa futikamba yake ya chuma akapima kimyakimya kutoka sakafuni hadi kifungo cha pili, akaandika kwenye kiganja.

"Mimi nina mashati ishirini na mawili," Bucha akaendelea, mikono bado iko juu. "Siku sita kwa wiki navaa aproni. Mashati yote hayo ya nini? Wewe hukuwahi kujiuliza? Tangu mke wangu afariki, miaka minne, watu wananipungia mkono kutoka kule barabarani. Muuza nyama ana damu mikononi, nani atamshika? Mama yako alikuwa ananizungushia mikono kila baada ya miezi mitatu. Dakika moja tu. Anasikiliza, anatoa pini mdomoni, ananiambia, 'Bado unadunda, Bucha. Lete kitambaa.'"

Akashusha mikono. Akafuta macho kwa kiwiko.

"Na nilimkosea mara moja," akasema. "Alikuwa na kazi nyingi, mimi nina haraka. Nikanakili vipimo vyangu kutoka kwenye daftari lake nikampelekea fundi mwingine. Shati lilikuja kama hema! Nikasema, huyu mama ana mkono wake, vipimo vyake vinamtii yeye peke yake. Sikumwambia mpaka amekufa."

Sponji alirudi kwa miguu, pole pole, yeye ambaye alikwenda mbio. Kuna swali lilikuwa linamkereketa rohoni. Nani amemgusa Baba? Akahesabu kurudi nyuma, wiki kwa wiki. Siku ya mazishi alipewa mikono, watu mia. Baada ya hapo? Yeye mwenyewe alikuwa akimwekea kikombe mezani na kukisukuma. Alidhani anamheshimu kwa kumwacha na msiba wake. Kumbe alikuwa amemwacha kweli, peke yake, na nyumba ni moja. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Lakini Sponji si mtu wa kukaa na aibu bila kuipa kazi, na alipofika mlangoni alikuwa ameshaanza tena kukimbia. Sasa alijua anamtengeneza Mama kwa ajili ya nani.

Jumatano Mama Redio alitangaza, na habari zikafika hata kwa viziwi. Watu wakaanza kuja na mabaki. Kila mtu aliyewahi kushonewa na Mama alikuwa na kipande mahali fulani: pindo lililokatwa, mfuko wa akiba, ukosi wa shati lililokwisha. Muuguzi alileta kipande cha sare yake ya kwanza. Bibi mmoja alileta utepe wa nguo ya ubatizo wa mtoto ambaye sasa ana ndevu. Bucha alileta shati zima, jipya, akasema likatwe. Walikuja kuleta na kuondoka, lakini hawakuondoka. Walikaa kwenye benchi, wakasimulia, wakachekana vitambi, wakalia kidogo, wakacheka tena. Chumba kilichonyamaza miezi mitano kilikuwa na kelele za soko. Sponji alishona katikati yao, sindano ndefu ikiingia na kutoka, jasho likimtiririka, na akajikuta anaimba. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho aliimba.

Uso hakuutengeneza. Uso ulikuwa ukutani, kwenye picha. Kichwa alikifunika kitambaa cheupe, kimegeuka upande, na mahali pa sikio la kushoto akashona sikio moja la mahameli, kwa uangalifu uliomchukua saa mbili.

Alhamisi alasiri wakaifunua sanamu.

Mama Redio akaweka mkono mdomoni.

"Binti," akasema. "Huyu ni mama yako au ni mpakia mizigo?"

Na alikuwa na haki. Kimo kilikuwa sawa kabisa, lakini mabega yalikuwa mabega ya mbeba magunia. Shingo ilikuwa nene kama ya fahali. Mikono iliyotakiwa kumzunguka mtu kwa upole ilikuwa mirefu, ikining'inia mbele kana kwamba inatafuta ugomvi. Mtu mmoja kwenye benchi akaguna kwa kicheko, akakimeza. Sponji mwenyewe akacheka, akacheka mpaka akainama, na alipoinuka alikuwa analia. Akavipitia vipimo vyote kwenye ukuta. Vilikuwa vilevile. Akaipima sanamu. Ilikuwa vilevile na ukuta. Bega kumi na saba, kumi na saba. Mahali pa kosa hapakuonekana popote, na hilo ndilo lililomvunja nguvu, maana kosa usiloliona hulirekebishi.

"Basi," akasema. "Sikumjua Mama. Mwili wake sikuujua. Nimewaalika watu waje kuona jinsi nilivyomsahau."

Watu wakaondoka mmoja mmoja. Mama Redio, kwa mara ya kwanza katika historia ya mtaa, alitoka bila neno. Sponji akaketi sakafuni, mgongo kwenye mlango wa ndani, ule unaoelekea jikoni, akakumbatia magoti.

Ndipo mlango ukagongwa, nyuma ya mgongo wake.

"Sponji."

Ilikuwa sauti ya Baba. Miezi mitano hakuwa ameukaribia mlango ule. Sponji hakuthubutu hata kugeuka.

"Abee, Baba."

"Toa mbili."

"Kwenye nini?"

"Kwenye kila kitu. Siku nne nasikia bega kumi na saba, bega kumi na saba! Mwanamke gani ana bega kumi na saba? Nimevumilia, nimeshindwa." Mwalimu wa hesabu akisikia jibu lisilo sahihi huwashwa mwili mzima, hata akiwa msibani. "Iangalie futikamba yake. Si hiyo yako ya chuma. Yake."

Sponji akanyanyuka, akaenda kwenye msumari. Katika maisha yake yote hakuwahi kuishika, maana mikono ya Mama haikuwahi kuiachia. Akaufuata utepe wa njano mpaka mwanzo wake. Hakukuwa na moja. Futikamba ilianzia kwenye mbili, imekatwa kwa mkasi, ukingo umekwaruzika na kuwa mweusi kidogo.

"Imeungua," akasema.

"Kwa pasi," Baba akajibu kutoka upande wa pili. "Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nimepata kazi, nataka shati la kwendea shuleni siku ya kwanza. Yeye ndiyo kwanza amefungua chumba hiki. Akazungusha futikamba, akageuza shavu, akaweka sikio. Mimi moyo ulikuwa unapiga kama ngoma, aibu tupu! Na yeye akasikiliza mno. Akasahau pasi mezani, na mwisho wa futikamba uko chini yake. Tulishtuka kwa moshi."

Sponji alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Kesho yake nikamletea mpya. Akakataa. Akasema, 'Hii imeshakujua wewe. Nitakuwa natoa mbili.' Miaka thelathini na nne anasoma, anaandika anachosoma, halafu akikata anatoa mbili. Kichwani. Hakukosea hata siku moja." Sauti ikakatika, ikarudi. "Nilikuwa nawapa watoto wa darasa la nne mtihani, wanakosa kumi, na nyumbani nina mwanamke asiyekosea."

Nyayo zake zikaondoka kuelekea jikoni. Hakuingia. Lakini Sponji alikuwa ameshashika koleo.

Ijumaa! Ijumaa hiyo ingefaa kupigiwa vigelegele. Sponji alifumua kila kitu kuanzia alfajiri. Bega kumi na tano, mkono ishirini na mbili, shingo kumi na nne. Aliwatuma wenzake kila mahali: Mama Redio ashike waya, Bucha, aliyefunga duka mchana wa Ijumaa kwa mara ya kwanza, akaze misumari ya kitako. Bucha alipoambiwa habari ya mbili, akapiga paja kwa kicheko kilichotikisa madirisha. "Kumbe ndiyo maana ya lile hema!" Na kila uzi uliporudi mahali pake, Mama alizidi kurudi. Kwanza mabega. Mabega yale! Mama Redio aliyaona akashindwa kujizuia, akaenda akayagusa kwa viganja viwili, akasema, "Rafiki yangu, umepungua vizuri." Kisha shingo. Kisha mikono ikaja mbele, ikazunguka hewa kwa upana wa mtu mmoja, na mwishoni, kwenye vidole vya waya na ngozi laini, Sponji akaitundika futikamba ya njano. Akarudi nyuma hatua tatu. Alimkumbuka. Mwili wake mwenyewe ulimkumbuka, pale kifuani chini ya kidevu, mahali ambapo kichwa cha Mama kilikuwa kinafika.

Jumamosi saa mbili mwashi alifika na mwiko, ndoo na mchanga kwenye toroli. Baba alimwonyesha matofali uani, akamwelekeza azunguke mbele, mwenyewe akabaki jikoni. Sponji alikuwa ndani ya chumba cha cherehani, amejibanza pembeni ya kabati, roho juu. Hakuwa na mpango mwingine. Alikuwa amefanya yote anayoyajua.

Mwashi akausukuma mlango wa barabarani apime upana. Macho yakamtoka pima. Akarudi nyuma, akavua kofia, na baada ya dakika moja Sponji akamsikia jikoni.

"Mwalimu, kazi hii siiwezi."

"Matofali hayatoshi? Nimeyahesabu."

"Matofali yanatosha. Kuna mama mle ndani. Amenyoosha mikono, anamsubiri mtu. Mimi nimeziba milango mingi, lakini siwezi kumzibia mtu ndani."

Sponji akahesabu mapigo ya moyo wake mpaka akapotea njia. Kisha akasikia mlango wa jikoni, na viatu vikiruka mtaro, vikizunguka kwa jirani, vikikaribia kwa barabarani, vikisimama. Baba hakupitia ndani. Alikuja kwa mlango wa mbele, kama mteja.

Akasimama kizingitini. Alitazama mabega. Akatazama vipande vya nguo, na midomo ikawa inasogea, anavitambua: hiki cha fulani, hiki cha fulani. Akaliona sikio la mahameli. Hapo uso wake ukakunjika wote, na Sponji akataka kumkimbilia, akajizuia kwa nguvu zake zote.

Baba akaingia. Akapiga hatua mbili, ya tatu ikawa nusu. Akasimama katikati ya ile mikono, na taratibu, kama alivyofanya akiwa na miaka ishirini na sita, akanyanyua mikono yake kandokando usawa wa mabega. Sikio likamkaa kifuani.

Alilia kwa sauti. Mwalimu mzima alilia mchana kweupe, mlango uko wazi, na mtaa ukasikia.

Sponji akaja kwa nyuma. Akaichukua futikamba kutoka kwenye vidole vya mama yake, akaizungusha kifua cha baba yake, na kwa kuwa mikono yake mwenyewe ilikuwa mifupi ikambidi asogee, akageuza shavu, akaliegemeza mgongoni kwake. Mgongo ulikuwa na joto. Moyo ulikuwa unapiga mle ndani, kwa nguvu, kama ulivyosimuliwa.

"Thelathini na tisa," akasoma.

"Toa mbili," wakasema wote wawili.

"Thelathini na saba. Baba, kwenye daftari kuna arobaini na tatu, toa mbili, arobaini na moja. Umepungua inchi nne!"

"Andika," Baba akasema. "Andika na tarehe. Miezi mitatu ijayo tutapima tena."

Lakini Sponji hakwenda kuandika. Alibaki pale pale, na Baba hakushusha mikono. Mwashi akachungulia mlangoni, kofia mkononi, mwiko kwapani.

"Mwalimu, samahani. Sasa nizibe au nisizibe?"

"Wewe bwana," Baba akasema bila kugeuka, "huoni napimwa?"